Seti ya taa za gari la kujiundia: muuzaji anasema itapita IVA, tuangalie vioo kwanza

Haya wadau, mambo vipi, karibuni tena. Leo mezani kuna boksi, ndani kuna seti nzima ya taa za gari la kujiundia: taa kubwa mbili za duara za inchi 7, indiketa nne za mbele na nyuma, mbili ndogo za ubavuni, taa za nyuma za paking na breki, fog ya nyuma (taa ya ukungu), rivasi, na kataa ka kumulika namba ya gari. Gari lenyewe ni hizi za wazi za mtindo wa Lotus Seven, chesisi ya mabomba, pua ya faiba, madigadi yamesimama yenyewe nje ya bodi. Naliunda hapahapa Uingereza, na gari la hivi kabla hujapewa namba lazima lipite ukaguzi wa IVA, yani ule wa kukagua gari mojamoja, wanaofanya ni DVSA, wakala wa serikali wa ukaguzi wa magari, na ukaguzi huu ulianza 2009. Sasa muuzaji kaandika kwenye tangazo kwamba seti yote iko tayari kwa IVA. Simtaji jina, ila tuone kama kasema kweli.

Watu wengi wakinunua taa kitu cha kwanza wanachomeka kwenye betri waone inawaka vipi. Mimi naangalia kioo cha taa kwanza, maana mkaguzi naye anaanzia hapohapo, anainama anasoma maandishi. Ngoja nisogeze kamera. Mnaona hiki kiduara kina E na 4 ndani yake? Hiyo 4 ni nchi iliyotoa kibali, Uholanzi, 1 ingekuwa Ujerumani, 11 ni Uingereza yenyewe, nchi yoyote sawa tu ilimradi E iko ndani ya duara. Pembeni pameandikwa HCR, H ni halojeni, C ni dimu, R ni fuli. Safi kabisa, taa moja imemaliza kazi zote mbili.

Af kuna hiki kitu watu hawakioni, mshale. Ukisimama mbele ya gari unaitazama taa, mshale unaelekea kulia kwako. Maana yake imetengenezwa kwa nchi wanazoendesha upande wa kushoto, dimu yake inapanda kidogo kushoto kwa dereva, inamulika ukingo wa barabara na wanaotembea kwa miguu, upande wa pili imekatwa isimchome macho anayekuja. Uingereza ni hivyo, na Tanzania, Kenya, Uganda ni hivyohivyo. Ila wewe mdau wa Kigali, Bujumbura au Lubumbashi, huko mnaendesha kulia, kwa hiyo tafuta isiyo na mshale kabisa, au yenye mshale wa ncha mbili ambayo inabadilishwa. Taa ya upande usio wako huwezi kuirekebisha kwa bisibisi, utainamisha mpaka basi na bado utapigiwa honi.

Ndani wameweka globu za H4, 60 kwa 55 wati, vizuri. Af kuna na pakiti ya zawadi, globu za LED. Hizi ziacheni humohumo kwenye boksi jamani. Taa ya halojeni ukiitia globu ya LED hapa hata MOT, ule ukaguzi wa gari wa kila mwaka, inakuangusha, na wana sababu, kile kikombe kinachong'aa ndani kimepindwa kwa kufuata pale uzi wa halojeni unapowakia, LED inatoa mwanga kutoka sehemu nyingine, dimu inatawanyika ovyo. Ukitaka LED nunua taa nzima ya LED yenye E yake.

Sasa indiketa, na hapa ndo muuzaji kanichekesha. Nimezipanga zote nne, angalieni, hii 2a, hii 2a, hii 2a, na hii pia 2a. Hiyo 2a ni ya nyuma! Ya mbele inatakiwa isome 1, au 1a, au 1b, na hizo nazo zinatofautiana kwa umbali kutoka kwenye dimu: yenye 1 tupu ikae angalau milimita 40 mbali nayo, 1a inaruhusiwa kusogea mpaka 20, 1b ndo ile ya kubana kabisa. Kioo kinafanana, rangi ya chungwa ileile, lakini mwanga unaotakiwa mbele na nyuma haulingani, kwa hiyo mkaguzi akisoma 2a mbele ya gari umekwisha. Zile ndogo za ubavuni zina namba 5, ziko sawa.

Taa za nyuma nimezipenda: R ya paking, S1 ya breki, na IA, yani kirifleta chekundu kimo humohumo na kina kibali, hununui kingine. Rivasi ina AR, ya namba ina L, tupite. Fog ya nyuma sasa, inatakiwa F. Mimi naona CE na DOT. CE wala siyo alama ya taa za barabarani, na DOT ni ya Wamarekani, kwenye IVA hazikusaidii kitu. Na fog ya nyuma hapa ni lazima, tena ukiwa na moja iwe katikati au upande wa kulia, imeachana na taa ya breki kwa milimita 100 au zaidi, na iwake pale tu taa kubwa zimewashwa, na kwenye dashbodi kuwe na kataa kake ka kukukumbusha.

Kabla hujatoboa faiba shika tepu. Dimu iwe kati ya milimita 500 na 1200 kutoka chini, indiketa isishuke chini ya 350, na gari hizi ziko chini sana kwa hiyo usikadirie kwa macho. Af hii inawaumiza wenye Seven: dimu, paking na indiketa haziruhusiwi kuingia ndani zaidi ya milimita 400 kutoka ukingo wa nje wa gari, na ukingo huo unapimwa pale gari ilipo pana kuliko kote, ambapo kwetu ni madigadi ya nyuma! Pua ni nyembamba, nyuma ni pana, ukizibandika kwenye pua kwa ajili ya urembo umeshatoka nje ya kipimo. Ndo mana mnaona za mbele zinatolewa kwenye vishikio au juu ya madigadi. Na pembe pia, paking na indiketa zionekane nyuzi 80 kwa nje na 45 kwa ndani, kwa hiyo hakikisha digadi haliifuniki.

Ukichomeka indiketa za LED kwenye flasha ya zamani zitapepesa kama zina kifafa, maana flasha inadhani globu imeungua. Sheria inataka mapigo 60 hadi 120 kwa dakika. Wengine wanaongeza rizista, inachemka sana, mimi naweka flasha ya elektroniki basi.

Kwa hiyo taa kubwa, za nyuma, rivasi, za ubavuni na ya namba nabaki nazo, kwa bei ile ni nzuri. Indiketa mbili zinarudi, fog inarudi, zile LED za zawadi sijui hata nimpe nani. Na yule mdau aliyeuliza kuhusu strip nyekundu kwenye grili ya mbele: hapana kaka, nyekundu inayoonekana mbele hairuhusiwi, usipoteze hela yako.