Vitambaa vya mto wa lesi ya bobini: poplini yashinda, mahameli hapana

Lesi ya bobini hufumwa juu ya mto mgumu, kwa nyuzi zilizozungushwa kwenye vijiti vidogo (bobini) na kushikiliwa kwa pini. Kwa vitambaa vya mto huo, poplini ya pamba tupu, iliyofumwa kwa kubana, ndiyo bora. Bobini zinateleza juu yake bila kukimbia, haitoi manyoya, na inafulika. Satini inapendeza dukani, lakini bobini zisizo na shanga huviringika juu yake, uzi ukajisokota au kulegea. Zenye shanga mkiani haziviringiki hivyo. Tatizo la bobini hizo ni kitambaa chenye wavu au vitanzi, kama cha sweta au taulo, maana waya wa shanga hunasa humo na kuvuta kazi nzima. Mahameli huacha manyoya kwenye uzi mweupe, na bobini hukwama badala ya kusogea. Kuyaondoa manyoya hayo kwenye lesi iliyokwisha kufumwa ni adhabu.

Rangi iwe moja tu, isiyong'aa. Kwa uzi mweupe chukua buluu iliyoiva au kijani cha majani makavu. Nyeusi inaonyesha uzi vizuri lakini huchosha macho. Kwa uzi mweusi, marekani isiyotiwa rangi inatosha kabisa. Maua na mistari yaachie mapazia.

Mto bapa wa kipenyo cha sentimita 50 unahitaji vipande viwili mbali na gamba lake, yaani kitambaa kinachouvika mto wenyewe: cha kazi, sentimita 60 kwa 40 hivi, na cha kufunikia vumbi, 80 kwa 80. Kabla ya kukata, fua kwa maji ya moto ili kirudi na wanga utoke. Kisha sugua kwa kitambaa cheupe kilicholoweshwa. Kikitoka na rangi, fua tena. Rangi ikizidi kutoka, kitafutie kazi nyingine, kwa sababu jasho la mkono litaihamishia kwenye lesi.

Kitambaa cha kazi hulala juu ya karatasi ya ruwaza (mchoro wa lesi unaofuatwa), chini ya bobini. Upande unaoelekea pini uwe mkunjo wa kitambaa chenyewe, si pindo la mshono: uzi hukwama kwenye mshono, na bobini hugonga ukingo mnene. Uache sentimita 3 hadi 5 chini ya pini za mwisho, ukishushe kadiri kazi inavyosonga. Kivute sawasawa, ukibane pembeni kwa pini zilizozama hadi kichwani. Pini iliyochomoza hapo ndiyo inayokata uzi.

Kwa vifaa vingine, pini ziwe za shaba nyeupe au chuma kisichoshika kutu. Doa la kutu halitoki kwa sabuni. Kishikilia bobini kinachofaa ni utepe wa pamba wenye lastiki iliyoshonwa kila baada ya bobini moja, hivyo mpangilio haupotei unapobeba mto. Vile vya plastiki vyenye meno ni vya haraka zaidi, ila bobini zenye shingo nyembamba hupenya na kuchomoka.