Ziara ya mizuka Whitby: gofu la kweli, mzuka wa kubuni

Naipa nyota tatu kati ya tano, na mbili kati ya hizo ni za gofu lenyewe.

Abasia ya Whitby, yaani monasteri ya kale ya watawa, iko juu ya jabali linalotazama bahari, kaskazini-mashariki mwa Uingereza. Imebaki kuta na madirisha marefu, paa hakuna. Ziara ya usiku (kampuni siitaji) inaanzia mjini, inakupandisha ngazi 199 hadi makaburi ya kanisa la Mtakatifu Maria. Huko upepo unakupiga hadi masikio yanauma, na mawe ya makaburi yameliwa na hewa ya chumvi hata majina hayasomeki. Ila ndani ya abasia hamwingii. Geti limefungwa, mnachungulia tu. Tangazo halikusema hivyo, na nililipa nikitarajia kuingia.

Mama aliyetutembeza anajua kusimulia, hilo simnyimi. Alipofika kwa Constance de Beverley, mtawa aliyevunja nadhiri kwa ajili ya mapenzi akazikwa hai ukutani, na ambaye eti bado anasikika akiomba afunguliwe, kundi zima lilinyamaza. Sisi wa pwani tumelelewa na hadithi za majini wa magofuni, lakini hata mimi nilisisimka. Tatizo ni kwamba Constance hakuwahi kuwepo. Ametoka kwenye shairi la mwandishi wa Uskoti Walter Scott, Marmion, la mwaka 1808, na hata humo ukuta aliofungiwa uko Lindisfarne, kisiwa cha kaskazini zaidi. Isitoshe, kuta hizi ni za monasteri ya wanaume, watawa wa shirika la Wabenedikto. Nilipomuuliza yule mama alicheka: “Mzuka unaouza tiketi haudaiwi cheti cha kuzaliwa.”

Haya basi. Lakini ya kweli yapo, akayapita juu juu! Desemba 1914 manowari za Wajerumani ziliupiga mji huu mizinga, abasia nayo ikapata majeraha. Akalitaja kwa sentensi moja. Zile kengele zinazosemekana kulia chini ya maji, baada ya meli iliyozibeba kuzama wakati Mfalme Henry wa Nane alipozifunga monasteri, hakuzigusa kabisa.

Mzuka wa kuufuata hapa ni wa Hilda, mtawa aliyeanzisha monasteri ya kwanza mwaka 657. Wenyeji wa zamani walisema huonekana amevaa sanda kwenye dirisha la juu, tena asubuhi ya kiangazi, jua likipiga, si usiku. Mimi naona ni mwanga tu, ila ndicho kisa kinachofanana na mahali penyewe. Kesho yake nikalipa kiingilio cha mchana. Ukungu wa bahari ulikuwa umetanda, Hilda hakutokea, na bado nilifaidi kuliko usiku.

Mwenye mtoto mchanga aache kigari hotelini, ngazi zile hazina huruma. Koti zito ni lazima, hata mwezi wa saba.