Etymonline: tumeipima kwa neno "grovel"

Etymonline, kamusi ya mtandaoni ya asili ya maneno ya Kiingereza iliyoanzishwa na Mmarekani Douglas Harper, ni ya bure na hutafuti neno kwa kujisajili kwanza. Kamusi ya aina hii hupimwa kwa neno lenye mtego. "Grovel", yaani kujidhalilisha na kubembeleza mbele ya mkubwa, linao.

Andika neno kwenye kisanduku cha kutafutia, kisha fungua kidahizo, yaani neno na maelezo yake, chenye (v.), alama ya kitenzi. Utapata aya fupi iliyoshiba. Kwanza kulikuwa na "groveling", kielezi cha karne ya 14: kifudifudi, uso chini. Shina lake ni la Kinorse cha Kale, lugha ya Waviking, na "-ling" ni kiambishi cha kuundia vielezi ambacho sasa kimekufa. Watu wakasikia "-ing" mwishoni, wakadhani ni kitenzi cha hali ya kuendelea, wakakikata. Kilichobaki ndicho "grovel". Kamusi ndogo hutaja Kinorse tu na kuiruka hatua hii, nayo ndiyo tamu kuliko zote. Etymonline imeieleza, tena inaonyesha kwamba kiambishi hicho bado kimejificha ndani ya "headlong" na "sidelong".

Wengi huteleza kwenye tarehe. "1590s" ni muongo mzima, 1590 hadi 1599, na ni wa maandishi ya kwanza yanayojulikana, hapa ya Shakespeare. Mdomoni neno linaweza kuwa la zamani zaidi. Ukitaka nukuu za karne baada ya karne, hapa hazitoshi. Nenda Oxford English Dictionary, ambayo ni ya kulipia, ingawa maktaba nyingi huwafungulia wanachama wao.

Viungo vya kubofya vinavyokupeleka kwenye maneno mengine navyo vifuate polepole. "Humble", yaani nyenyekevu, limetokana na Kilatini "humus", udongo. Lakini "humble pie" lilianzia kwenye "umbles", matumbo ya paa yaliyopikwa ndani ya pai, na sauti tu ndiyo iliyoyakutanisha maneno hayo. Asiyesoma vidahizo vyote viwili atayafanya ndugu wa damu.

Kwa matumizi ya leo, weka kamusi ya kawaida pembeni. Uingereza huandika "grovelling" kwa l mbili, Marekani kwa moja.