Barakoa ya 3M 6200 na vichujio 2091 kwenye vumbi la risasi

Kwa kazi ya kujaza magunia ya oksidi ya risasi, barakoa hii ya nusu uso inatosha, ila ina mpaka wake. Kwa kanuni za OSHA, wakala wa usalama kazini wa Marekani, kikomo cha risasi hewani ni mikrogramu 50 kwa mita ya ujazo, wastani wa saa 8. Barakoa ya aina hii hukadiriwa kukinga hadi mara 10 ya kikomo hicho, kwa hiyo risasi hewani ikipita mikrogramu 500, tafuta barakoa yenye feni ya kusukuma hewa.

6200 ni saizi ya kati. Wenye uso mdogo wachukue 6100, wakubwa 6300. Vichujio vya waridi huingia kwa kuzungusha robo tu. Kabla ya kuingia, bonyeza katikati ya vichujio kwa vidole gumba, vuta pumzi taratibu: barakoa ibonyee kidogo usoni. Isipobonyea, hewa inapita pembeni. Mara nyingi ni ndevu (hata za juzi), au punje ya vumbi imekwama chini ya vali ya kutolea pumzi. Fungua kifuniko, pangusa kiwambo chake.

Udhaifu wake ni jasho. Karibu na tanuri huteleza puani, na mfanyakazi huisukuma kwa glovu iliyojaa vumbi.

Ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, vichujio vikiwa vimetolewa. Kuvipuliza kwa kompresa ni kuviua. Pumzi ikianza kuwa nzito, badilisha. Na isiende nyumbani na mtu.