Chumvi ya kununua Malindi na Lamu: tazama pakiti kwanza

Msomaji mmoja wa Shela ameniandikia kwa uchungu. Ni mjamzito, na muuzaji wa dawa za asili kamuuzia kichupa cha chumvi ya waridi kwa maneno kwamba ina madini 84, eti hii ya dukani "imekufa". Si yeye peke yake. Malalamiko ya chumvi yamekuwa mengi, basi nimeipanga yote inayouzwa huku kwetu, kuanzia ninayoipenda.

Weupe na ulaini wa chembe sivijali. Ninachotaka kwenye chumvi ni madini joto, yaani iodini. Bila hayo tezi ya shingoni haiwezi kutengeneza homoni zake. Yakipungua, tezi huvimba ikawa rovu, na mjamzito akiyakosa sana, ubongo wa mtoto ndio unaoumia, tena kwa maisha yake yote. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250. Najua jibu la watu wa pwani: sisi tunakula samaki. Samaki wa baharini anayo kweli, lakini kwa bei za siku hizi ni nyumba ngapi zinapika samaki kila siku? Na chumvi ya bahari yenyewe, maji yakishakauka, haibaki na iodini ya maana. Ndiyo sababu viwanda hutia potasiamu iodeti, kemikali yenye iodini, na sheria ya Kenya inawalazimisha.

Shida inaanzia baada ya kiwandani, na hapa ndipo nawaomba mnisikilize. Iodini hupotea taratibu chumvi ikipata unyevu, joto na jua. Hewa yetu mnaijua: chumvi ikilala wazi, asubuhi imetoa maji. Maji yale yakichuruzika chini ya gunia, iodini nayo inakwenda. Pigeni hesabu. Chumvi yenye miligramu 30 za iodini kwa kilo, kijiko cha chai cha gramu 5 kinakupa mikrogramu 150, basi, hakuna ziada. Shirika la Afya Duniani linataka tusifikishe hata hizo gramu 5 kwa siku. Kwa hiyo nusu ya iodini ikipotea dukani, huwezi kufidia kwa kuongeza chumvi mchuzini, utajitafutia presha.

Kwa hiyo mimi nashika pakiti, naibonyeza. Ikitoa pumzi, ina tundu, nairudisha. Chumvi ikiwa imegandana ndani, imeshaonja maji, nairudisha pia.

Namba moja ni Kaysalt, pakiti ya nusu kilo. Sifichi mapenzi yangu. Inatoka Gongoni, hapa hapa kaskazini mwa Malindi, na katika maduka ya mtaani kwetu ndiyo inayotoka haraka, kwa hiyo haikai rafuni ikazeeka. Msichukue ya kilo mbili kama nyumba ina watu wachache. Ikishafunguliwa, unyevu unaanza kazi. Imiminieni kwenye kopo lenye kifuniko cha kukaza, mbali na jiko, na mtie chumvi chungu kikikaribia kuiva.

Ya pili ni Kensalt. Nayo ina madini joto, na pakiti ikiwa nzima sina neno nayo. Kama duka lenu ndiyo linayoiuza kwa wingi, chukueni hiyo.

Ya tatu ni chumvi ya sodiamu pungufu, inayopatikana supamaketi. Sehemu ya sodiamu imebadilishwa kwa potasiamu, jambo jema kwa wengi wenye presha. Lakini mwenye ugonjwa wa figo asiiguse, na anayetumia dawa za presha amuulize daktari kwanza, kwa sababu potasiamu ikizidi mwilini huvuruga mapigo ya moyo. Someni pia kama imetiwa iodini.

Ya waridi naiweka ya nne. Ni chumvi ya miambani, nyingi yake huchimbwa Khewra, Pakistan, na rangi ile ni ya chuma. Madini mengine yamo kwa kiasi kidogo mno kukufaa chochote, na mara nyingi haijatiwa iodini kabisa. Kumuuzia mjamzito kitu hicho kwa bei ile, na kumtisha aache chumvi inayomlinda mwanawe, ni dhuluma.

Ya mwisho ni chumvi ya mawe ya kupimiwa kutoka guniani: hiyo ni ya kutilia ng'onda tu, samaki wa kukausha.

Wenye maduka nao wamenichosha. Katoni zinapangwa barazani, jua la saa saba linazipiga, na ukiuliza unajibiwa, "Chumvi haiozi, mamangu." Huko Lamu ni zaidi: mzigo unashushwa Mokowe, upande wa bara, unavushwa kwa mashua bila turubai, unarushiwa maji ya chumvi njia nzima, kisha unapandishwa punda hadi dukani, na gharama zote hizo za safari anabebeshwa mnunuzi. Tunalipa zaidi kwa chumvi iliyolowa! Angalau turubai basi.

Mkifika dukani, mwambieni akutoleeni pakiti ya ndani, si ya barazani. Akinuna, mwacheni nayo.