Duka la kofia na kanzu Langoni, Lamu: hapa ndo mji unapovalishwa

Watu wengi wanauliza kofia nzuri ya Lamu inapatikana wapi, halafu mwisho wake wananunua zile za mashine wakishuka boti tu pale gatini, ikifuliwa siku ya kwanza imelegea wanaanza kusema kofia za Lamu siku hizi hazina kitu. Jamani si kweli. Nendeni Langoni. Ukitoka Mkunguni mbele ya Ngome shika Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, kama unaelekea upande wa msikiti wa Riyadha, duka liko mkono wako wa kulia, halina bango wala rangi ya kampuni ya simu ukutani, ni milango miwili ya mbao na ndani kabati la kioo la kofia, cherehani moja ya miguu na benchi la wanaosubiri. Kila mtu anasema "kwa Ami", ndiye mwenye duka, na ukiuliza mtoto yeyote atakupeleka.

Mimi hili duka nalipatia nyota tano kwa kazi, tatu kwa kutimiza ahadi. Nitaeleza zote mbili.

Kilichonifanya niandike ni mpwa wangu anayesoma Marekani, huko Massachusetts. Likizo alikuwa kwetu akasema kuna miji ya pwani kule ina mtindo wanauita preppi, umetokana na zile shule za bweni za kulipia zinazoandaa watoto waingie vyuo kama Yale na Princeton, makoti ya bluu ya vifungo vya shaba, mashati ya kola ya vifungo, viatu vya ngozi vya kuchomeka mguu tu, na mashua za tanga kila mahali. Akaniambia mjomba, Lamu imekaa vivo hivo ila kwa kanzu, sasa ni nini kinachoupa mji sura hiyo? Wengi tungejibu nyumba za mawe, au milango ya nakshi, au ile hadhi ya urithi wa dunia ya UNESCO ya 2001. Mimi nikamwambia twende kwa Ami.

Kofia kwanza, maana ndio yenye mambo. Ami hakuuzii kwa maneno. Anaichukua anaigeuza ndani nje anaiweka mkononi mwako, karibu yake anaweka ya mashine. Ya mashine ndani nyuzi zinaning'inia na kitambaa kigumu kimegandishwa humo, ya mkono ndani inakaribia kuwa safi sawa na nje. Kisha anaiinua kuelekea mlangoni mwanga upite, hapo ndo unaona vile vitundu, vidogo sana, kila kimoja kimezungushiwa uzi kwa sindano, mamia kwa mamia, na ndivyo vinavyopitisha hewa kichwa kisichemke. Kofia ni vipande viwili, duara la juu na ukanda wa kuzunguka, nakshi inachorwa kwanza kwenye kitambaa ndipo kinapewa mshonaji, wengine ni wanaume wanashona barazani wakipiga soga na wengine kina mama nyumbani baada ya kazi zao, na ile yenye kazi nyingi inakula miezi. Ukishajua hivyo bei haikushtui tena. Nilikuta za kuanzia 2,500 hadi 8,000 na zipo za juu ya hapo anazitoa kwenye sanduku kwa anayetaka kweli.

Akaingia kijana anaoa, amependa moja ya kazi kubwa kweli kweli, pesa anazo mkononi. Ami akampima kwa tepu, inchi 22 na nusu, akaitazama ile kofia akairudisha kabatini. "Ndoo uketi mwanangu, hiyo yakushuka masikioni, ukisujudu itaanguka." Akampa ya bei ndogo iliyomkaa. Mpwa wangu alishangaa muuzaji anakataa pesa, lakini kwa Ami kijana akionekana harusini na kofia inayocheza kichwani watu hawaulizi kijana ni nani, wanauliza kanunua wapi.

Na hapo kwenye benchi kulikuwa na mtu kaleta kofia ya marehemu babake, ukingo umechanika nyuzi zimetoka. Kabla hajasema kitu Ami akaitaja ni ya nyumba gani, kaijua kwa mshono. Aliirudishia ukingo kwa sindano pale pale, wanga ukapakwa, ikavikwa kwenye kalibu ikauke na umbo lake. Shilingi 300. Mtu mwingine angemwambia nunua mpya, na biashara ingekuwa kubwa zaidi kwake.

Hili la kutengeneza ndo mpwa wangu lilimgusa, akasema kule Marekani ni vivo hivo kwenye yale maduka ya zamani. Kuna L.L.Bean ya Maine, ya 1912, buti zao mteja anazirudisha wanabadilisha soli. Brooks Brothers ya New York ni ya 1818, imevisha mababu na wajukuu. Na kisiwa cha Nantucket kina suruali zake nyekundu za kitambaa kizito, zikifuliwa na kupigwa na jua zinageuka pinki na hapo ndo zinapendwa, mpya kabisa inaonyesha wewe ni mgeni. Hata vile vitambaa vya miraba vya madrasi wanavyovaa majira ya joto asili yake India, huko Chennai, bahari yetu hii hii.

Ila hapo kwenye kupauka sisi tunaachana nao kabisa. Lamu kanzu ikipauka imeisha. Weupe wa kanzu kwetu ni kazi, bluu ya kufulia, kuanika kwa mpango, pasi mpaka mkunjo ukae, na mzee anayepita Usita wa Mui Ijumaa kanzu imenyooka unajua kuna mtu nyumbani kwake amehangaika tangu alfajiri. Mimi naamini sababu ni vichochoro. Gari haiingii, punda wawili wenye mizigo wakikutana mmoja lazima asubiri, kwa hiyo kila mtu anatembea na kila anayetembea anapita mbele ya baraza na daka, zile sebule ndogo za mlangoni, za watu waliokaa. Unaonwa. Unaamkiwa kwa jina, unaulizwa wazee hawajambo, na macho yanashuka mpaka kwenye makubadhi. Mtu hawezi kujificha ndani ya gari akashuka mlangoni. Mji wa namna hiyo utavaa vizuri hata mfuko ukiwa mwembamba, mradi kuna duka la kumtengenezea alicho nacho, na ndio maana nasema hili duka lina mchango mkubwa kuliko heshima ambayo watu wanalipatia.

Kanzu zake nazo nzuri, sitakaa sana hapo. Anashona poplini ya pamba, darizi ya shingoni ndogo, urefu anapima ukiwa umevaa viatu vyako ili isiburure. Nililipa 3,000 na kitambaa chake. Makoti ya kuvaa juu ya kanzu hashoni, anayo machache ya mtumba aliyochagua mwenyewe na anayapunguza mikono, na kwa kweli koti jeusi la sufu alilompa mpwa wangu lilimkaa vizuri kuliko alilonunua dukani huko Boston. Usiku wa goma, ile ngoma ya bakora, wakati wa Maulidi, wanaume wamepanga safu, kanzu nyeupe, koti, bakora zinainuka na kushuka pamoja, ukitazama vizuri utaanza kutambua mikono ya mafundi, na yake iko mingi pale.

Sasa malalamiko. Tarehe anayokwambia usiipangie safari. Kofia niliyoagiza ilichelewa sana, niliambiwa mshonaji ameuguliwa, nikaambiwa uzi umeisha, na simu wakati mwingine haishikwi kabisa. Kama unatoka Mombasa hii inauma maana nauli si ya mchezo. Risiti hapati mtu, anaandika kwenye daftari lake tu, M-Pesa anapokea lakini kwa simu ya mwanawe na mwanawe akiwa ametoka mnasubiri. Adhuhuri anafunga na harudi mpaka alasiri. Na kofia za watoto alizonazo nyingi ni za mashine kutoka nje, hili lilinisikitisha hasa, mtoto ndiye wa kuanzishwa na kitu kizuri, hata ya kazi ndogo. Nilimwambia, akasema wazazi hawataki kulipia kichwa kinachokua. Anayo hoja lakini bado sikubaliani naye, angeweka hata chache za mkono za bei ya chini wazazi wazione.

Akina dada, hapa hamna kitu chenu, leso na buibui mtapata maduka ya mbele kidogo.

Anayetaka kofia ya Maulidi, ya Mfungo Sita, apeleke oda Mfungo Tatu au kabla, ukienda Mfungo Tano atakuambia kweli kwamba hutapata. Ijumaa asubuhi pamejaa, nenda katikati ya wiki baada ya alasiri ana nafasi ya kuongea. Pima kichwa kwake mwenyewe usitume namba kwa simu, na kama kuna kofia ya zamani nyumbani imekaa kwenye kabati ibebe uende nayo, hata iliyochanika.