Lenzi ya kubana kwenye simu: nimeitumia mwezi mzima bustanini Uyole

Niliinunua Mwanjelwa, hapa Mbeya, kwa elfu ishirini, ile ya klipu unayobana juu ya kamera ya simu ili upige vitu vidogo kwa karibu, boksi limeandikwa 15x (yaani inakuza mara kumi na tano) na kuna picha ya jicho la nzi limejaa lote. Ilikuwa Desemba, mvua zimeshakolea, maharage yanaweka maua, nikasema sasa ndio wakati wa kupiga picha wadudu. Maana video za mafunzo nyingi ni za Ulaya, wanakwambia subiri majira ya kuchipua, Machi mpaka Mei. Ukiwafuata huku kwetu Mei unakutana na baridi na majani yameanza kukauka.

Siku ya kwanza nilitaka kuirudisha, kila picha ukungu mtupu. Kumbe simu yangu ina kamera tatu na mimi nimebana kwenye isiyo yenyewe (ziba moja moja kwa kidole, ile inayofanya kioo kiwe giza ndiyo yenyewe), halafu kava la simu lazima uvue, halafu nilikuwa nakaa mbali. Hii kitu inataka usogee mpaka sentimita mbili tatu hivi, ukizidisha kidogo tu imeharibika, na fokasi huipati kwa kugusa kioo, unasogea wewe na simu yako taratibu umebana pumzi huku unapiga mfululizo. Katika picha arobaini napata mbili za maana.

Sasa mdudu gani atakusubiri sentimita mbili? Hapo ndio baridi ya Uyole ilinisaidia. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilimkuta nyuki kwenye ua la boga, nadhani usiku ulimkutia humo humo, kaloa umande, hana nguvu ya kuruka mpaka jua limpashe. Nilimpiga picha weee mpaka nikaona jicho lake lina vinywele. Jicho jamani! Vimeota juu ya jicho lenyewe, na mimi asali nakula tangu utoto.

Ubaya wake sasa. Pembeni picha inavutika na kuweka kirangi cha zambarau, simu inatia kivuli kwa mdudu (mimi nawasha tochi nimeifunika na tishu, mwanga unakuwa laini), na mpira wa klipu umetoka wiki ya tatu, nimegandisha na gundi. Nilipomrudia muuzaji akasema garantii yake inaishia mlangoni. Kipepeo na kerengende sahau, wanaondoka kabla hujafika. Ila kwa vidudu vidogo vinavyotulia, kwa bei hiyo, silalamiki sana.

Juzi mama kanikuta nimelala kifudifudi kwenye tuta, "We mwanangu, umeanguka?" Nikamwonyesha picha: sisimizi kasimama katikati ya vidukari weusi, wale wadudu wadogo wanaofyonza mimea, kwenye shina la maharage, mdomoni ana tone linang'aa, ule utamu wanaoutoa vidukari. Akaitazama kwa muda, akasema, "Kumbe ndio wanaonimalizia maharage," akageuka kwenda kuchukua bomba la dawa. Ikabidi nimkimbilie na picha nyingine, yule mdudu mwekundu wa mviringo mwenye madoa meusi akiwa anamtafuna kidukari, nikamwambia mama subiri, hawa watatusaidia.

Ametupa wiki moja.